Mgeni wa Saa Nne Kasoro Robo

Kwa siku thelathini na tano mfululizo, mtu mmoja alikuja dukani kwangu kila asubuhi saa nne kasoro robo. Alichukua fulana ileile, akaiweka kwenye kapu, akasogea mpaka hatua ya mwisho kabisa ya kununua, kisha akatoweka.

Hakununua hata siku moja.

Siku ya thelathini na sita hakuja.

Nililia kama mtu aliyefiwa.

Najua unachofikiria. Huyu dada ana kichaa, analilia mteja asiyenunua? Tulia nikueleze, halafu mwisho useme mwenyewe nani alikuwa kichaa.

Naitwa Rahel Margwe. Nimezaliwa Dongobesh, nina stashahada ya uandishi wa habari, ambayo mama yangu mpaka leo anaiita "ile karatasi".

Ile karatasi ilinileta Katesh, mji mdogo chini ya mlima Hanang, kwenye redio moja ndogo, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Nilipendwa na wasikilizaji. Wakubwa hawakunipenda, kwa sababu nina mdomo.

Kwenye kikao kimoja mkuu wangu alinikatisha mara tatu nikiwa naongea. Ya nne nikamwambia mbele ya watu wote, "Subiri, sijamaliza."

Nilimaliza. Mkataba nao ukamalizika, na hakuna aliyezungumzia kuuongeza.

Nikabaki na chumba kimoja, jiko la gesi na simu. Rafiki yangu wa pekee Katesh alikuwa Marieta wa mtaa wa Jorodom. Mvua kubwa iliposhusha tope mlimani likala nusu ya nyumba yao, alienda Mbulu kwa dada yake. Akasema anarudi baada ya mwezi.

Sijamuona tena.

Sasa sikia upweke ulivyo. Nilikuwa napitisha siku tatu sijatamka neno, ukiacha "nipimie mafuta ya mia tano" pale kioski. Siku moja niliitikia salamu nikashtuka kusikia sauti yangu, imekwaruza kama ya mgonjwa.

Mtu ambaye maneno ndiyo mtaji wake, kukaa kimya siku tatu ni kama ng'ombe wa maziwa asiyekamuliwa. Inauma mwili mzima.

Ndipo nikaamua maneno yangu yatoke kwa mlango mwingine. Nitayaandika kwenye fulana na kuziuza mtandaoni.

Kuna mama mmoja Babati ana mashine ya kuchapa. Nilimtumia sentensi zangu, akanichapia fulana za mikono mirefu, maana huku kwetu mwezi wa sita fulana ya mikono mifupi unamuuzia nani? Moja iliandikwa "Sina haraka, nimetoka kwenye baridi." Nyingine "Usinisaidie kufikiri." Na ya kijani, niliyoipenda kuliko zote, "Subiri, sijamaliza."

Duka la mtandaoni nililitengeneza kwa simu, haya yanayokodishwa kwa mwezi. Nikaliita Maneno Yangu. Mteja anachagua fulana, anaandika jina, namba ya simu, ujumbe kwa muuzaji akipenda, na mahali alipo. Fulana inasafiri kwa basi, analipa akishaipokea.

Kitu chepesi kabisa.

Nikatupa linki kwenye magrupu yote niliyokuwemo. Ya wanafunzi niliosoma nao, ya kwaya, ya watu wa Dongobesh tulio nje, mpaka la vikao vya harusi ambazo zilishafungwa.

Wiki ya kwanza waliingia watu mia mbili na kumi na wawili.

Waliweka mioyo. Waliandika "dada una kipaji". Mmoja aliandika "nimecheka mpaka chai imenipalia".

Aliyenunua, sifuri.

Nilikuwa nimeweka namba yangu ya simu pale mbele. Wanaume wakawa wanapiga kuuliza kama nimeolewa. Nikaitoa.

Kaka yangu Yonas ana duka la vifaa vya ujenzi Dongobesh. Saruji, mabati, misumari. Alikuwa akinipigia kila Jumapili baada ya ibada.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umeuza?"

Hivyohivyo, bila kuniuliza hata kama nimekula.

"Bado, ila watu wanaingia wengi."

"Rahel, hata kwangu mbuzi wanaingia. Hawanunui mabati."

"Kaka, hii ni biashara ya kisasa, inataka muda."

"Duka halina mlango, halina kaunta, mwenye duka hajulikani sura. Wewe ungenunua hapo?" Akacheka peke yake. Kisha akashusha sauti. "Mdogo wangu, sikia. Mpaka mwisho wa mwezi wa sita. Ukiuza hata moja, moja tu, kwa mtu ambaye si ndugu wala rafiki, nakuacha na maneno yako. Usipouza, unarudi nyumbani kukaa kaunta. Mama anakonda kwa kukuwaza."

"Moja tu?"

"Moja. Na usimtume mtu anunue, nitajua."

Nikakubali. Niliona amejichimbia shimo mwenyewe. Moja itanishinda mimi?

Nikaanza kujifunza kwa hasira. Kuna kocha mmoja wa mauzo mtandaoni, amevaa suti, nyuma yake kuna ua la plastiki. Nilimsikiliza video zote. Alisema watu wakiingia wasinunue, tatizo si bidhaa, ni njia ya kwenda kununua. Hapo nakubaliana naye mpaka kesho.

Nikabadili picha. Mwanzo nilizipiga fulana zikiwa kitandani, zinaonekana kama nguo za mtu aliyelala. Nikazitundika kwenye uzio, mlima Hanang nyuma. Watu wakaanza kukaa dukani muda mrefu zaidi.

Nikakifanya kitufe cha kununua kiwe kikubwa, nikakipaka rangi ya machungwa. Waliokibonyeza wakaongezeka kutoka wawili hadi tisa.

Lakini wakishafika kwenye ile fomu, wanaondoka.

Kocha alikuwa na dawa. "Mteja usimpe muda wa kufikiri," alisema huku akipiga meza. "Akifikiri umempoteza. Weka saa! Aone muda unaisha! Mharakishe!"

Nikaweka saa. Ukishaweka fulana kwenye kapu, namba nyekundu zinaanza kurudi nyuma juu ya kioo. Una dakika kumi. Zikiisha, kapu linafutika lote, unaanza upya.

Niliiona saa ile inang'aa, nikajiona mfanyabiashara.

Kesho yake ndipo alipokuja Mgeni.

Kwenye simu yangu nilikuwa naona takwimu tu. Mgeni mmoja, yuko kwenye fulana ya kijani, ameiweka kapuni, yuko kwenye fomu. Nikasimama. Nikatembea chumbani hatua nne kwenda, nne kurudi, chumba chenyewe ndicho hicho.

Dakika kumi. Ameondoka.

Nikasema basi, huyo naye.

Kesho yake, saa nne kasoro robo, akarudi. Fulana ileile ya kijani, fomu, dakika kumi, hayupo.

Keshokutwa tena. Wiki nzima. Jumapili pia, ila Jumapili alikuja saa saba, nikajua ametoka kusali. Unaona? Nilishaanza kumjua.

Jamani, mtu mpweke ni mtu hatari. Sikuchukua muda nikaanza kumsubiri. Saa tatu na nusu nabandika chai. Saa nne kasoro dakika ishirini naichuja. Akiingia, namimina kikombe na kukaa mbele ya simu.

Nikawa nakunywa chai na alama ya mtu mmoja kwenye kioo.

Nilikuwa namsemesha. "Umechelewa leo." "Huko kwenu mvua imenyesha?" "Wewe naye, nunua basi, unaogopa nini?" Siku nyingine nilikuwa nachana nywele kabla hajafika. Ananiona wapi? Lakini nachana.

Dakika zile kumi ndizo zilikuwa siku yangu. Zilizobaki nilikuwa nazipitisha tu.

Siku ya thelathini na nne ilikuwa imebaki wiki moja mwezi uishe. Yonas akapiga, na haikuwa hata Jumapili.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nimeshakutafutia kiti cha kaunta. Kina mto."

"Kaka!"

"Nakutania. Umeuza?"

Nikamwambia wiki bado haijaisha. Alipokata simu, nikarudi kwa kocha wangu wa ua la plastiki. Nikamwandikia, kuna mteja mmoja anafika mwisho kila siku lakini hanunui, nifanyeje?

Alijibu haraka, lazima nimsifu. "Huyo ana muda mwingi mno. Mpunguzie."

Nikapunguza. Kutoka dakika kumi mpaka tano.

Siku ya thelathini na tano akaja saa ileile. Kijani, kapu, fomu. Dakika tano zikaisha, akatoweka. Sikuwa nimefika hata nusu ya kikombe.

Siku ya thelathini na sita nikabandika chai, nikachana nywele, nikakaa.

Saa nne kasoro robo. Saa nne. Saa nne na robo. Saa tano.

Sifuri.

Nililia nikiwa nimeshika kikombe kilichopoa. Sikuwa nalilia mauzo, naapa. Nililia kwa sababu duniani kulikuwa na mtu mmoja tu anayejua njia ya kuja kwangu, na nimemfukuza kwa mkono wangu.

Siku ya thelathini na saba pia hakuja.

Nikaanza kupekua lile duka kama mtu anayetafuta ufunguo uliopotea. Nikafungua kurasa ambazo sikuwahi kuzigusa, maana muda wote nilikuwa nakazana na takwimu. Huko mwisho, chini kabisa, nikakuta ukurasa umeandikwa "Makapu yaliyoachwa".

Kumbe lile duka lilikuwa linahifadhi kila kitu ambacho mteja ameandika kwenye fomu, hata kama hajabonyeza kutuma.

Makapu thelathini na tano yalikuwa ya mtu mmoja. Simu yake ilikuwa inajaza jina na namba yenyewe. Genoveva. Namba ileile kila siku.

Na kwenye ujumbe kwa muuzaji aliandika.

Siku ya kwanza: "Hab"

Basi. Hapo dakika kumi zikaisha.

Siku ya pili: "Haba"

Siku ya tano: "Habari z"

Siku ya kumi na mbili: "Habari za asubuhi mwan"

Siku ya ishirini: "Habari za asubuhi mwanangu. Pole na ka"

Siku ya ishirini na tisa: "Habari za asubuhi mwanangu. Pole na kazi. Huku hatujambo. Naomba hiyo ya ki"

Siku ya thelathini na nne alimaliza ujumbe wote. "Habari za asubuhi mwanangu. Pole na kazi. Huku hatujambo. Naomba hiyo ya kijani." Na kwenye mahali alipo, kwa mara ya kwanza, alikuwa ameandika kitu. "Basotu, nji"

Herufi chache tu zilibaki.

Siku ya thelathini na tano, siku niliyompunguzia: "Habari za asub"

Nikaiweka simu kifudifudi kitandani. Sikutaka iniangalie.

Halafu nikaichukua nikapiga ile namba.

Ikapokelewa. Nasikia mtu anapumua.

"Hallo?" nikasema. "Shikamoo. Naongea na Genoveva?"

Pumzi. Kisha sauti kama ya mtu anayevuta kitu kizito. "Mmma..."

"Hallo? Hallo? Sikusikii!"

Nikakata. Nikapiga tena.

"Mma... ra..."

"Hallo! Mtandao gani huu?"

Nikakata. Mara ya tatu ikawa vilevile, pumzi na vijisauti. Hasira ikanipanda. Ninyi hamjui nilivyokuwa na shida na mtu huyu.

"Kama hutaki kuongea, usipokee simu za watu!" nikasema, nikakata.

Nikakaa. Baada ya muda aibu ikanijia, nikaandika ujumbe mfupi: "Shikamoo. Mimi ni mwenye duka la fulana. Nimeona salamu zako leo. Nisamehe sikuitika."

Nusu saa ikapita. Nikajua ndiyo basi.

Simu ikalia.

"Marahaba mwanangu. Nilikuwa naongea ukakata."

Nikarudia kuisoma. Nikadhani analalamikia mtandao. Nikamuuliza anaishi wapi nimletee fulana mwenyewe. Jibu likachukua robo saa.

"Basotu. Uliza nesi Genoveva."

Asubuhi iliyofuata nilishuka Basotu na fulana ya kijani kwenye mfuko. Ngano imeanza kupauka pande zote za barabara, ziwa liko pale chini kimya. Nikamuuliza mama aliyekuwa anaanika samaki, akanyoosha mkono bila kuinua kichwa. "Ile nyumba ya bati la bluu."

Kabla sijabisha hodi, mzee mmoja akatoka nyumba ya jirani, fimbo mkononi, amejifunga shuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Wa Dongobesh, nimetokea Katesh. Namtafuta nesi Genoveva."

"Ahaa! Mimi ni Hhando, jirani yake. Pita, pita. Ila huyu haongei, niulize mimi. Alipigwa na kiharusi mwaka jana, kikachukua mkono wa kulia na ulimi. Nesi mzuri huyu! Alitoka kwao Kagera akiwa msichana, serikali ikamleta zahanati hapa. Wanangu wote, aliyemzalisha mke wangu ni yeye. Sasa kastaafu, kwao hajarudi, mume hana. Pita!"

Nilipita.

Ndani alikuwa amekaa mama wa miaka sitini na kitu, kitambaa kichwani, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake. Kushoto kwake mezani kuna simu. Ukutani saa inasema saa nne kasoro dakika kumi.

Aliponiona alijua. Sijui alijuaje. Akafungua mdomo.

"Ka..." alianza. "Ka... ri..."

"Anasema karibu," akasema mzee Hhando.

Mama akamtazama, akafunga mdomo, akameza mate, akaanza upya. "U... me..."

"Anauliza umekuja na nini. Si kweli mama? Umekuja na gari au pikipiki?"

Mama akafumba macho.

Mimi nikasimama pale mlangoni na mfuko wangu, na jana yake ikanirudia yote. Mma. Mma-ra. Alikuwa ananiitikia marahaba. Mimi Rahel, mwenye mdomo, niliyefukuzwa kazi kwa kukataa kukatishwa, nilimkatisha mama huyu mara tatu, na ya tatu nikamtukana.

Na fulana aliyokuwa anaitaka siku zote hizo ilikuwa mkononi mwangu.

"Mzee," nikasema kwa heshima yote, "naomba nimsikie yeye."

"Utakaa sana."

"Nimekuja kukaa."

Mzee Hhando akanitazama, akaona sitanii, akaketi kwenye kigoda akaanza kuchokonoa udongo kwenye fimbo yake. Lazima niseme, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezoea kusaidia, hakuna aliyewahi kumwambia aache.

Mama akaanza tena. Sikutikisa kichwa, sikumdokezea neno, sikumtangulia. Nyie, ilikuwa kazi ngumu kuliko mitihani yangu yote. Ulimi wangu ulikuwa unawasha.

"U... me... kuja."

"Nimekuja, mama."

Akatabasamu upande mmoja wa uso. Upande wa pili ulibaki pale pale.

Nikatoa fulana nikaiweka mezani. Nikamwambia ni yake, bure, ni ya kuomba msamaha. Akaisukuma kwa mkono wa kushoto, ikarudi kwangu.

"Ha... pa... na." Akagusa simu yake. "Du... ka... ni."

Anataka kununua dukani. Kama watu wengine.

Nikaichukua simu yangu palepale nikaifuta ile saa nyekundu. Nilipoibonyeza kuiondoa, mfumo ukaniuliza, una uhakika? Nikacheka kwa uchungu.

"Mama," nikamuuliza, "mbona hukuiruka salamu? Ile sehemu ya ujumbe si ya lazima. Ungeandika mahali tu, ungekuwa umenunua tangu wiki ya pili."

Alinitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu kabisa. Alivuta pumzi.

"Si... a... da... bu."

Si adabu kuingia kwa mtu na kuomba kitu kabla hujamsalimia.

Siku thelathini na tano. Alikuwa anaona zile namba nyekundu zinakwisha, anajua zikifika sifuri anaanza upya, na kila asubuhi alichagua kusalimia kwanza.

Akaanza kuandika, kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Mimi nimekaa hatua tatu kutoka kwake, sichunguzi. Mzee Hhando akasinzia. Kuku akaingia, akatoka. Nilisikia herufi moja, kisha kimya, kisha nyingine.

Dakika arobaini na saba.

Simu yangu ikalia. Oda mpya.

Ya kwanza.

Nikaifungua nikiwa najifuta macho. Jina, namba, fulana ya kijani, Basotu, njia ya zahanati. Na ujumbe kwa muuzaji, safari hii hakuna aliyeukata:

"Habari za asubuhi mwanangu. Pole na kazi. Linki niliiona kwenye grupu, nikaanza kuja nifanyie mkono mazoezi. Pale juu dukani kwako kuna namba ya watu waliomo. Kila nikiingia naona moja. Hiyo moja ni mimi. Nikasema huyu muuzaji kakaa peke yake, nisipokwenda atabaki na sifuri. Ndiyo maana nilikuwa napita. Nisamehe nilikosa siku mbili, niliona umepunguza muda nikajua umenichoka."

Ile namba ya waliomo ilikuja na duka lenyewe. Mimi sikuwahi kuitazama, maana mwenye duka haingii kwa mlango wa wateja.

Muda wote huo nilidhani mimi ndiye ninayemsubiri yeye.

Sikuweza kusema kitu. Na yeye hakunimalizia. Alikaa, akanisubiri mpaka sauti ikarudi.

"Sikukuchoka, mama," nikasema hatimaye. "Nilikuwa sijui kuhesabu watu, nilihesabu mauzo tu."

Nilimkabidhi fulana yake, akaivaa juu ya gauni. Mzee Hhando alipozinduka alisoma maneno yaliyoandikwa kifuani kwa jirani yake, akayasoma tena kwa sauti, kisha akajikuna kichwa.

"Haya, mama," akasema taratibu. "Endelea. Sisemi."

Jioni nikiwa nimerudi Katesh nikampigia Yonas.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umeuza?"

"Nimeuza."

"Kwa nani?"

"Nesi mstaafu wa Basotu. Si ndugu wala rafiki."

Nilipotamka neno rafiki nilihisi nimesema uongo kidogo, lakini oda iliingia kabla ya urafiki.

"Umesafiri mpaka Basotu kupeleka fulana moja?" Akacheka kwa muda mrefu. "Nauli yenyewe si imeshinda fulana? Haya. Neno ni neno. Kile kiti nitakikalia mwenyewe."

Sikutajirika. Usije hapa kunikopa. Tangu nitoe ile saa na kuwaacha watu waandike polepole, nimeuza fulana kumi na nne. Walionunua karibu wote walisalimia kwanza, na wote sasa nawaitikia kabla sijagusa oda. Wengine tunaishia kwenye salamu, hawanunui, na sioni ubaya.

Ila kuna kitu sikukitarajia.

Nesi Genoveva alishanunua. Hana sababu ya kuja dukani tena. Kesho yake saa nne kasoro robo nilibandika chai kwa mazoea, nikatazama kioo, hakuna mtu.

Nilikaa na ule utupu kidogo. Kisha nikaona ni zamu yangu.

Siku hizi saa hiyo namwandikia mimi. Namsalimia, namweleza upepo wa Katesh, namuuliza hali ya mkono. Halafu naweka simu mezani na kusubiri. Wakati mwingine jibu linachukua saa nzima. Bado nina chumba kimoja na siku nyingine bado sitamki neno. Lakini najua Basotu kuna kidole kinatafuta herufi kwa ajili yangu.

Funzo langu ni hili, lichukue au liache. Kama una duka mtandaoni na watu wanafika mwisho wanaondoka, kabla hujabadili rangi ya kitufe, kafungue makapu yaliyoachwa usome walichotaka kukuambia. Mimi nilikazana kuwaharakisha watu ambao walikuwa bado wananisalimia.

Na kama kuna mtu kwako ambaye maneno yake yanachelewa, mzazi, jirani, yeyote, usimsaidie kumaliza. Vuta kiti ukae.